Kibali cha Luca Comerio

Luca Comerio husifiwa kwa jambo moja: alikuwepo. Alikuwepo Milano mwezi Mei 1898, jeshi la Italia lilipowafyatulia mizinga raia waliokuwa wakilalamikia bei ya mkate. Alikuwepo Messina baada ya tetemeko la ardhi la Desemba 1908. Alikuwepo Libya, Italia ilipokwenda kuinyang'anya Dola ya Uthmaniya. Alikuwepo juu ya barafu ya mlima Adamello mwaka 1916. Na vita kuu ilipokwisha alikuwepo Fiume, mji ambao mshairi Gabriele D'Annunzio aliuteka na wafuasi wake akautawala kwa zaidi ya mwaka mmoja. Ukiyasoma maisha yake juu juu utamwona mtu mwenye miguu myepesi na moyo mkavu, aliyebeba kamera yake hadi pale wenzake waliposita. Sifa hizo alikuwa nazo, hakuna wa kumpokonya. Lakini hazitoshi kuieleza kazi yake, na mwisho wake haziuelezi kabisa. Alikufa Julai 1940 katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mombello, karibu na Milano, akiwa amefilisika, baada ya kunyimwa kazi na dola aliyoipigia picha kwa miaka mingi. Ninavyoona, kuwepo kwake kila mahali na kutupwa kwake kuna chanzo kimoja. Comerio aliuza picha, lakini kilichozipa picha zake bei ni ruhusa ya kusimama mahali ambapo wengine walizuiwa. Ruhusa hiyo haikuwa yake, aliazimwa.

Tuanzie Milano. Comerio alizaliwa katika mji huo Novemba 1878 na akajifunza kupiga picha akiwa kijana, kwa kufanya kazi chini ya fundi, kama walivyojifunza wengi wa enzi zake. Ghasia za 1898 zilimkuta na miaka 19. Mavuno ya ngano ya mwaka uliotangulia yalikuwa mabaya, vita kati ya Marekani na Hispania vikazidi kupandisha bei ya nafaka, na mkate ukawa ghali kupita mfuko wa mfanyakazi wa kiwandani. Kuanzia tarehe 6 hadi 9 Mei watu waliingia mitaani, wakapindua matramu na kuyafanya vizuizi vya barabarani, na Jenerali Fiorenzo Bava Beccaris akapewa mamlaka ya kuurudisha mji katika utii. Serikali yenyewe ilikiri kwamba raia 80 hivi waliuawa na 450 kujeruhiwa. Wengine walisema waliokufa walikuwa wengi zaidi. Jeshi lilifikia hatua ya kubomoa kwa mzinga ukuta wa nyumba ya watawa Wakapuchini huko Porta Monforte, likiamini waasi wamejificha ndani, na lilipoingia likawakuta watawa pamoja na maskini waliokuwa wakisubiri supu. Picha za siku zile ndizo zilizompatia Comerio jina. Ukizitazama picha zinazojulikana za ghasia hizo, nyingi zinaonyesha kizuizi ambacho watu wake wamekwisha kukimbia, au askari waliopiga kambi katika uwanja wa Kanisa Kuu, bunduki zimesimamishwa kwa mafungu, watu wanapumzika. Mapambano yenyewe hayaonekani. Kinachoonekana ni mji baada ya jeshi kupita, ukitazamwa kutoka upande ambao jeshi limesimama.

Msomaji anaweza kupinga kwamba mwaka 1898 Comerio hakuwa na kibali cha mtu. Alikuwa kijana mwenye ujasiri na sanduku la vioo, na picha zake zilikuja kutumiwa miaka mingi na watu wa mrengo wa kushoto kama ushahidi wa mauaji. Nakubali, na ndiyo maana siku hizo nne zinafaa kuwa kipimo cha zote zilizofuata. Ni karibu mara pekee katika maisha yake ambapo alifanya kazi bila mwenyeji wa kumpokea, na hata hapo usalama wake ulitegemea kusimama nyuma ya mstari wa askari. Mfalme Umberto wa Kwanza alimtunuku Bava Beccaris nishani kwa kazi ile ya Milano. Tarehe 29 Julai 1900, mjini Monza, Gaetano Bresci alimpiga mfalme risasi na kumuua, kisasi cha wafu wa 1898. Miaka michache baadaye kijana aliyepiga picha za ghasia zile alikuwa mpiga picha wa nyumba ya kifalme, akimhudumia mwana wa Umberto, Vittorio Emanuele wa Tatu. Simlaumu kwa hilo. Studio inataka kodi, kemikali zinataka fedha, wafanyakazi wanataka ujira wao wa wiki, na mfalme aliyependa mwenyewe kupiga picha ni mteja bora kuliko mfanyakazi asiyemudu mkate. Ila kuanzia hapo inabidi tujue nani anamfungulia mlango kabla ya kusifu alichokiona humo ndani.

Sinema ilikuwa imekwisha kuwa biashara. Mwaka 1907 Comerio alianzisha kampuni yake mjini Milano; mwaka uliofuata ikapanuliwa na kuitwa SAFFI-Comerio; mwishoni mwa 1909 ikageuka Milano Films, mali ya matajiri na makabaila wa mji huo, naye akatoka. Majaribio ya kwanza ya filamu kubwa iliyotokana na Jahanamu ya Dante yalifanywa katika enzi ya SAFFI, lakini ilipotoka mwaka 1911, ikiwa miongoni mwa filamu ndefu za kwanza za Italia, jina lililokuwa juu yake ni la Milano Films. Kupitwa huku kunafundisha kitu. Katika filamu za kuigiza ushindi ulikuwa wa mwenye mtaji: majukwaa, mavazi, mamia ya waigizaji wa ziada. Turin kulikuwa na Ambrosio na Itala, Roma kulikuwa na Cines, na fundi mmoja wa Milano hakuwa na mfuko wa kushindana nao. Kitu alichokuwa nacho ambacho fedha za makabaila hazikuweza kukinunua dukani ni kufahamika: na maofisa wa jeshi, na watu wa ikulu, na wakuu wa miji. Akarudi kwenye maabara yake na kwenye picha za matukio, yaani gwaride, mazoezi ya kijeshi, ziara za mfalme, michezo na safari. Soko lilikuwa tayari limemwonyesha kwamba thamani yake iko hapo.

Messina inastahili kutajwa kwa sababu inaonyesha hali ilivyokuwa pale ambapo mlango ulikuwa wazi kwa wengi. Ardhi ilitetemeka tarehe 28 Desemba 1908, saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri, na bahari ikafuata; Messina na Reggio Calabria ziliangushwa na makumi ya maelfu ya watu wakafa. Wapiga picha wa filamu kadhaa walifika, akiwemo Roberto Omegna wa kampuni ya Ambrosio. Magofu hayakimbii wala hayaulizi karatasi. Kwa hiyo soko likajaa picha za aina moja: mitaa iliyojaa vifusi, manusura wamejifunika mablanketi, wanamaji wakichimbua. Comerio alipiga za kwake, nzuri, lakini hapo alikuwa mmoja kati ya wengi.

Hapa lazima nijibu pingamizi ambalo mafundi wa kamera hulitoa haraka, tena kwa haki: kwamba lawama ya mtambo isitwishwe dola. Kamera ya wakati ule ilikuwa sanduku la mbao juu ya stendi ya miguu mitatu. Mpiga picha aliiendesha kwa kuzungusha mkono wa chuma ubavuni, mizunguko miwili kwa kila sekunde, kila mzunguko ukipitisha fremu nane. Kiganja kikishtuka au kikichoka, watu waliomo kwenye picha watakimbia kama wendawazimu au watajikokota. Utepe wa mita 60 huisha kwa dakika tatu na ushee, kisha ni kufungua sanduku na kuweka mwingine. Utepe wenyewe ulihitaji jua kali na haukuiona rangi nyekundu, hivyo kilicho chekundu kilitoka cheusi. Mtu mwenye zana hizo, anayelazimika kusimama wima huku akihesabu mizunguko kimoyomoyo, hawezi kupiga picha ya shambulio la alfajiri katika bustani za mitende. Atapiga picha za yale yanayojipanga mbele yake. Basi, wanasema mafundi, picha za Comerio zimejaa gwaride kwa sababu gwaride ndilo lililopigika.

Ni kweli, lakini ifuateni hoja hiyo hadi mwisho wake. Mtambo ule ulipenda kikosi kinachopita barabara inayojulikana, saa inayojulikana, jua likiwa juu. Ulipenda meli ikishusha askari, mzinga ukifyatuliwa kwa amri, jenerali akishuka kwenye farasi. Ili uyapate hayo ni lazima ujue mapema kikosi kitapita wapi na saa ngapi, upewe nafasi ya kutega stendi, upewe gari au nyumbu wa kubebea masanduku, na mtu wa kukuambia ngoja, sasa anza. Habari hizo zote ziko makao makuu ya jeshi na si kwingine. Mwandishi wa gazeti aliyenyimwa ratiba angeweza kusikiliza uvumi sokoni na akapata cha kuandika. Mpiga picha wa filamu aliyenyimwa ratiba alibaki na utepe mtupu. Kwa hiyo udhaifu wa kamera haukuipunguza nguvu ya kibali. Uliizidisha mara dufu.

Libya ndiko jambo hili linakoonekana bila pazia. Italia ilitangaza vita dhidi ya Dola ya Uthmaniya tarehe 29 Septemba 1911 na kushusha wanajeshi Tripoli mwezi uliofuata, ikijiambia kwamba Waarabu wangeipokea kama mkombozi. Tarehe 23 Oktoba, mahali panapoitwa Shar al-Shatt, pembezoni mwa bustani za mitende, Waarabu na Waturuki waliushambulia mstari wa Waitalia na kuua takriban askari 500. Kisasi kilichofuata kilidumu siku kadhaa. Askari waliingia mashambani na majumbani wakaua wanaume waliowakuta, na wanawake na watoto pia. Idadi haijawahi kukubaliwa na wote, lakini inahesabiwa kwa mamia mengi au maelfu. Wengine kwa maelfu walipakiwa melini na kufungwa katika visiwa kama Ustica na Tremiti. Waandishi wa kigeni waliokuwa Tripoli waliyaona. Wawili kati yao, Francis McCullagh kutoka Ireland na Mjerumani von Gottberg, walirudisha vibali vyao kwa Jenerali Carlo Caneva ili kuonyesha kwamba hawataki kuhusishwa na yanayotendeka, na McCullagh akaenda kuandika kitabu kizima kuishutumu vita hiyo. Kurudisha kibali kulikuwa kitendo kinachoeleweka na kila mtu aliyekuwepo: karatasi ile ndiyo iliyokufanya uwe mgeni wa jeshi, na kuirudisha ni kukataa kuwa mgeni. Lakini walioirudisha walikuwa watu wa kalamu. Waliweza kuondoka na waliyoyaona vichwani mwao na kuyaandika London. Mpiga picha wa filamu akirudisha kibali anaondoka mikono mitupu. Comerio, kama wenzake waliotumwa na makampuni ya Turin na Roma, aliendelea na kazi, na filamu zake za Libya zikaonyeshwa katika kumbi za Italia kwa umati uliotaka kuona jamaa zao wakishinda.

Pingamizi la pili ni zito kuliko la kwanza. Wapo wanaosema kwamba picha za vita ile hazikuficha ukatili. Kuna picha za maiti, za wafungwa, za watu waliotundikwa. Kama dola ndiyo iliyokuwa ikichagua cha kuonekana, mbona iliyaacha hayo yaonekane? Jibu liko uwanjani Tripoli. Mapema Desemba 1911 Waarabu 14 walinyongwa hadharani katika uwanja wa mkate, kwa kamba zilizofungwa kwenye mti mmoja mrefu wa mlalo, mbele ya watu na mbele ya kamera. Mfaransa Gaston Chérau, aliyetumwa na gazeti la Le Matin, alipiga picha zake, na nyingine za tukio hilo zilisambaa. Kunyonga kule kulikusudiwa kuonekana. Kulikuwa tangazo: tunaua kwa hukumu, mchana, kwa utaratibu, si kama wanavyosema akina McCullagh. Yaliyotendeka ndani ya bustani za mitende mwezi Oktoba hayakuwa na hukumu wala mstari, na hayo ndiyo yaliyokosa kamera. Mwenye kutoa kibali haoni haya kuonyesha maiti. Anachokitunza ni haki ya kusema maiti huyu ni wa namna gani. Ndiyo maana kuhesabu ni picha ngapi zina damu hakutufikishi mbali. La kuuliza ni nani alijua mapema kwamba damu itamwagika, na akamwita mpiga picha.

Kileleni mwa kazi yake palikuwa kileleni kweli. Italia ilipoingia katika Vita Kuu ya Kwanza, Mei 1915, Makao Makuu ya jeshi yaliogopa kamera kuliko yalivyoipenda, na raia aliyeruhusiwa kupiga filamu huko mbele alikuwa Comerio. Mwaka 1916 alipanda na vikosi vya milimani hadi Adamello na kutoa filamu ambayo jina lake linataja mita 3,000 za kimo. Hapa hata mpinzani wake lazima avue kofia. Wanajeshi waliovaa nguo nyeupe wanateleza kwa mbao za theluji hadi wanapotea weupe ndani ya weupe. Safu za watu wanavuta kamba, wanasimama, wanavuta tena, kupandisha chuma mahali ambapo hata mbuzi angefikiri mara mbili. Baridi ile huufanya utepe ukauke na kuvunjika kirahisi, grisi ya gia hugandamana, na kiganja kisicho na glavu hunata kwenye chuma. Kuzungusha mkono wa kamera kwa mwendo usiobadilika katika hali hiyo ni kazi ya fundi wa daraja la juu. Agosti mwaka huohuo Italia ilitwaa mji wa Gorizia, na Comerio akatoa filamu ya mapambano hayo pia. Halafu, kabla vita havijakwisha, jeshi likaunda kitengo chake lenyewe cha filamu. Hakukuwa na ugomvi wala kashfa. Makao Makuu yalikuwa yamejifunza kutoka kwake kwamba filamu inafaa, na yakaona hayana sababu ya kuendelea kumtegemea mtu wa nje kwa kazi ambayo askari aliyefundishwa miezi michache angeweza kuifanya kwa amri.

Historia hiyo ilijirudia kwa kipimo kikubwa zaidi baada ya Mussolini kushika madaraka. Mwaka 1924 iliundwa LUCE, taasisi ya filamu za elimu na propaganda, na mwaka uliofuata ikawa chombo rasmi cha serikali. Mwaka 1926 sheria ikavilazimisha vyumba vyote vya sinema nchini kuonyesha filamu zake. Kwa mfanyabiashara huru wa picha za matukio huo ulikuwa mwisho: mteja mkuu sasa alikuwa mtengenezaji, na kumbi zilizokuwa zikinunua habari kwake zilipewa habari kwa amri. Comerio aliomba kazi katika taasisi hiyo, akakataliwa. Walioandika habari zake hulieleza jambo hili kama utovu wa shukrani, na bila shaka moyo wa mtu huumia hivyo. Mimi naliona limefuata mantiki ya biashara yake yote. Alikuwa ameishi kama mpangaji ambaye mkataba wake ni uso wake kujulikana na mwenye nyumba. Mwenye nyumba alipobadilika, hakuwa na karatasi.

Mtu atasema nasukuma mambo: huenda LUCE iliwakataa wazee wote wa sinema ya zamani kwa kuwa walikuwa wazee, na ubunifu wao umepitwa. Sivyo. Roberto Omegna, aliyezaliwa Turin mwaka 1876 na hivyo kumzidi Comerio umri, alichukuliwa na LUCE mwaka 1926 na kuongoza sehemu yake ya filamu za sayansi kwa miaka mingi. Na Omegna alianza palepale Comerio alipoanza. Mwaka 1904 alipiga kwa ajili ya Arturo Ambrosio filamu za mashindano ya magari kutoka Susa hadi Moncenisio na za mazoezi ya askari wa milimani. Mwaka 1908 alipiga filamu ya uwindaji wa chui barani Afrika, akiwa pia mpiga picha wa Siku za Mwisho za Pompei, filamu iliyoitangaza Ambrosio nje ya Italia. Na Messina, kama tulivyoona, walikuwa wote. Njia zao ziligawanyika Omegna alipozidi kugeuza lenzi kwa vitu vidogo. Mwaka 1908 alishirikiana na tabibu Camillo Negro kupiga filamu ya wagonjwa wa mishipa ya fahamu, na mwaka 1911, akisaidiwa na mshairi Guido Gozzano aliyekuwa jamaa yake, akatoa filamu ya maisha ya vipepeo iliyopewa tuzo katika maonyesho ya kimataifa ya Turin. Kumpiga picha kipepeo akitoka kwenye kifukofuko kunataka taa zisizomuunguza, lenzi iliyosogezwa karibu mno, na subira ya kukaa na mdudu asiyetii amri ya jenerali. Ujuzi huo ulikuwa mikononi mwa Omegna, na LUCE ilipouhitaji haikuwa na pa kuupata ila kwake. Ujuzi wa Comerio haukuwa mdogo, kama Adamello ilivyoonyesha. Lakini sehemu yake iliyokuwa adimu, yaani kufika mbele ya mfalme na mbele ya mzinga, ilikuwa mali ya serikali tangu mwanzo. LUCE isingemlipa mtu kwa kitu ilichokuwa nacho tayari.

Kutoka katika miaka hiyo ya dhiki ndiko ilikotoka filamu ambayo leo inamfanya akumbukwe nje ya Italia. Comerio alikusanya utepe uliokuwa katika hifadhi yake, mwingine aliopiga yeye na mwingine wa watu wengine, akauunga kuwa kitu kimoja alichokiita Dal polo all'equatore, yaani kutoka ncha ya dunia hadi ikweta. Humo muna dubu weupe wanaopigwa risasi kwenye barafu, muna milima ya Kaukazi iliyopigwa na Giovanni Vitrotti, muna watawa wa kike wakiwafundisha watoto wa Kiafrika kuchora ishara ya msalaba, na muna uwindaji wa Baron Raimondo Franchetti nchini Uganda. Kwa msomaji wa Afrika ya Mashariki hiyo ndiyo sehemu inayogusa nyumbani: wabebaji, wanyama walioanguka, baron anayejulikana kwa jina na cheo, na waliombebea mizigo wasiotajwa hata mmoja. Naisoma kazi hiyo ya kuunga kama maombi ya kazi. Utawala uliokuwa ukiota himaya ulipewa orodha ya mahali pote ambapo mzungu mwenye bunduki na kamera alikuwa amekwisha kufika. Utepe huo haukumrudisha Comerio kazini.

Miaka ya 1980 wasanii wawili wa Milano, Yervant Gianikian na Angela Ricci Lucchi, waliupata utepe huo ukiwa umeanza kuharibika, kama unavyoharibika utepe wote wa nitrati. Wakatengeneza kamera yao maalumu, wakaupiga upya fremu kwa fremu, wakapunguza kasi, wakasogeza jicho kwenye pembe za picha, wakaongeza muziki, na mwaka 1986 wakatoa filamu yenye jina lilelile ambayo ni shtaka dhidi ya ukoloni na vita. Basi hili ndilo pingamizi la mwisho, na ndilo linalovutia kuliko yote: kama picha zilezile zinaweza kugeuzwa hivyo, je, si dalili kwamba Comerio alinasa ukweli unaoupita mkono uliompa kibali? Ningesema alinasa kibali chenyewe. Kasi ikipunguzwa kinachojitokeza ni mpangilio: mkono wa mtawa ukiushika mkono wa mtoto na kuupeleka kwenye paji la uso, mtoto akitazama lenzi kuuliza kama amefanya vizuri, mnyama akianguka katikati ya fremu kwa sababu kamera ilitegwa mapema ubavuni mwa mpiga bunduki. Gianikian na Ricci Lucchi hawakukuta siri iliyofichwa na Comerio chini ya picha. Waliyaweka polepole yale ambayo watazamaji wa kwanza waliyaona kuwa ya kawaida hata wasiyaone. Heshima ya kuyageuza ni yao. Ya Comerio ni kwamba alizungusha mkono wa kamera sawasawa, hata miaka sabini baadaye kila fremu ikawa bado inasomeka.

Franchetti naye aliendelea na safari zake Afrika hadi Agosti 1935, alipokufa kwa ajali ya ndege karibu na Cairo pamoja na waziri Luigi Razza, wakielekea Eritrea. Miezi miwili baadaye Italia iliivamia Ethiopia. Mara hii serikali haikutafuta fundi wa kumpa ruhusa. LUCE ilikuwa imeunda idara maalumu ya Afrika ya Mashariki yenye makao Asmara, na wapiga picha wake walikwenda vitani kama watumishi wa dola, na ratiba yao na usafiri wao. Comerio, mwenye miaka 56, hakuwa miongoni mwao.